Mali ya Mzee Mkononi mwa Mwanawe

Zamani katika nchi yetu ya Kivu mali ya mtu ilionekana kwa macho. Ng'ombe walilala uani, migomba ilisimama mbele ya nyumba, na mtu aliyepata shamba kwa njia ya kalinzi alitoa ng'ombe kwa mwenye nchi, nao watu wa kilima walimwona ng'ombe huyo akienda. Mzee alipopofuka au alipolegea magoti, mmoja wa wanawe alishika fimbo ya kuchunga, na jirani wote walikuwa mashahidi. Kama mwana huyo angaliuza ndama kwa siri, habari ingalifika nyumbani kabla yake.

Siku hizi mali ya mzee wa Bukavu haionekani. Iko katika hesabu ya benki, au katika koperative ya akiba, au ndani ya simu, au katika kodi ya vyumba viwili huko Kadutu inayolipwa kwa dola mwisho wa mwezi. Mwizi wa mali ya namna hii havunji mlango wala haogopi mbwa. Ajua tarakimu chache za siri, basi. Naye mara nyingi si mtu wa mbali: ni mtoto wa nyumbani, aliyepelekwa ubatizoni na kulishwa na mzee yule yule.

Kwa hiyo leo twataka kusema na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo jamaa nyingi hulionea haya, yaani namna ya kusimamia fedha za mtu mzima mwingine, awe baba, mama, shangazi au ndugu mgonjwa, kwa ruhusa yake mwenyewe na kwa barua. Wenzetu mjini huiita barua hiyo prokurasio. Sisi tutaiita barua ya uwakili.

BARUA YA UWAKILI NI NINI?

Sheria inayoongoza jambo hili katika Kongo ni ya zamani sana: ni amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo hata leo ni sehemu ya sheria zetu za raia. Amri hiyo yafundisha kwamba mtu aweza kumpa mwenziwe uwezo wa kutenda jambo fulani mahali pake na kwa jina lake. Anayetoa uwezo ndiye mwenye mali. Anayeupokea ndiye wakili. Wakili huyu si yule wa mahakamani avaaye joho jeusi. Aweza kuwa mwalimu, mshonaji au mama auzaye sambaza sokoni. Aweza kuwa binti kama awezavyo kuwa mwana wa kiume. Sheria haisemi kwamba ni lazima awe kifungua mimba, ingawa ukoo hupenda kusema hivyo.

Mambo manne ya sheria hiyo yafaa kila jamaa iyajue.

La kwanza: wakili hufanya kazi yake bure, isipokuwa wamepatana juu ya mshahara.

La pili: barua ya maneno ya jumla, kama vile mzee kuandika kwamba amemruhusu mwanawe kushughulikia mambo yake yote, yampa wakili ruhusa ya kutunza tu. Apokee kodi, alipe deni, atengeneze bati lililong'olewa na upepo. Haimpi ruhusa ya kuuza kiwanja wala ya kukiweka rehani. Kwa kuuza lazima pawe na neno bayana, lililoandikwa wazi.

La tatu: wakili hana budi kutoa hesabu ya kazi yake, na kumrudishia mwenye mali kila alichopokea kwa uwakili ule. Akizitumia fedha hizo kwa haja zake mwenyewe, adaiwa hata faida yake tangu siku alipozitumia.

La nne: mwenye mali aweza kuuvunja uwakili siku yoyote apendayo. Tena wakoma wenyewe mmoja wao akifa.

Ewe msomaji, litazame vizuri lile jambo la pili, maana hapo ndipo jamaa nyingi huangukia shimoni. Tuseme kijana amekuja kwako na karatasi ya baba yake yenye mistari mitatu, akataka kukuuzia nyumba ya huko Bagira. Mwulize: Neno la kuuza liko wapi? Hati ya kuandikishwa kwa kiwanja iko wapi? Baba mwenyewe yuko wapi, nasi twaweza kwenda kumwamkia? Kijana mwaminifu hatakasirika. Na kijana asiye mwaminifu hatarudi kwako tena. Umejiepusha na kesi ya miaka, na umemwokoa mzee asifukuzwe chini ya dari yake mwenyewe.

MZEE TOBITI NA HATI YAKE

Je, kuandikiana barua kati ya baba na mwana ni kukosa upendo? Watu wengi hufikiri hivyo. Husema, «Mimi na mwanangu ni damu moja, karatasi ya nini?» Na tukifungue Kitabu cha Tobiti, tuone jinsi watu watakatifu walivyofanya.

Tobiti alikuwa Mwisraeli aliyehamishwa utumwani Ninawi. Alikuwa mtu wa sala na wa sadaka, aliyewazika maiti walioachwa bila mazishi. Mavi ya ndege yakamwangukia machoni, akapofuka. Hapo alikumbuka kwamba miaka mingi nyuma alikuwa amemwekea Gabaeli talanta kumi za fedha, huko Rage katika nchi ya Wamedi. Basi akamwita mwanawe Tobia, akamwambia habari yote ya fedha hizo. Hakungoja mpaka ulimi wake ukauke. Wala hakumtuma mikono mitupu: alikuwa ameandikiana hati na Gabaeli siku ile ya kwanza, na hati hiyo ndiyo aliyompa mwanawe.

Kisha Tobia akatafuta mwenzi wa safari, naye akampata Azaria, ambaye kumbe ni malaika Rafaeli. Angalia alivyofanya mzee. Alimwuliza kijana habari za ukoo wake, halafu akapatana naye mshahara: drakma moja kwa siku, pamoja na posho ya njiani. Malaika wa Mungu hakuona haya kupatana mshahara! Na alipofika kwa Gabaeli alitoa hati, naye Gabaeli akaileta mifuko ikiwa na mihuri yake salama, akaihesabu mbele yake. Hati, mapatano, mihuri, hesabu: mambo hayo manne yamo katika nyumba ya watu waliopendana na kumcha Mungu.

Lakini kitabu hicho hicho kina habari nyingine, ambayo wahubiri wachache huigusa. Katika siku za upofu wa Tobiti, mkewe Hanna alikuwa akifuma nguo ili wapate chakula. Siku moja wenye kumpa kazi walimlipa mshahara wake, wakamwongezea na mwana-mbuzi. Tobiti aliposikia mbuzi akilia nyumbani hakumwamini mke wake. Alidhani ameibiwa mtu. Mama yule alikuwa amejichosha mikono kwa ajili ya mumewe, akalipwa lawama. Naye akamjibu kwa uchungu mkubwa.

Ndugu wasomaji, hilo ndilo jambo linalovunja nyumba zetu. Si wizi peke yake. Mara nyingi ni shuku. Mtu asiyeona husikia mbuzi akilia, wala hajui ametoka wapi. Mama mzee alalaye kitandani asikia kwamba kodi imelipwa, lakini haoni fedha. Ndugu walio Kinshasa au Ubelgiji wasikia kwamba wametuma dola mia, lakini mama asema bado ana njaa. Basi mwana anayekaa naye, anayeamka usiku kumgeuza na kumfulia mashuka, ndiye anayeitwa mwivi. Barua na kaye ya hesabu humlinda mzee na wizi. Tena humlinda wakili mwaminifu na ulimi wa ndugu zake.

WAKILI SI MWENYE MALI

Kuna kosa lingine ambalo hutendwa hata na watoto wema. Mtu akishapata barua ya uwakili, huanza kumtawala mzee kama mtoto mchanga. Mama ataka kumpa mjukuu wake dola mbili za daftari, mwana akataa. Mama ataka kuombea Misa marehemu mumewe. Mwana asema ni kupoteza fedha. Mama ataka samaki, mwana amnunulia maharagwe, kwa sababu ni rahisi zaidi.

La, haifai! Mzee mwenye akili zake ndiye mwenye mali hata kama miguu imekufa. Wakili ni mkono wake, si kichwa chake. Mkono haukatai kwenda mahali kichwa kinapotaka. Aweza kushauri, aweza kuonya kwamba dawa bado hazijanunuliwa, lakini neno la mwisho ni la mwenye mali. Bwana wetu Yesu Kristu aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa korbani, yaani kitu kilichowekwa wakfu, ili wapate sababu ya kutowasaidia baba na mama. Je, atawasifu wale wanaochukua mali ya baba na mama wenyewe, kisha wakawagawia kidogo kidogo kama sadaka?

Amri ya nne yatuamuru tuwaheshimu wazazi. Amri ya saba yakataza kuiba. Katika kazi ya uwakili amri hizo mbili hukutana, wala mtu hawezi kuishika moja na kuivunja nyingine. Na aliyechukua kisicho chake, hata kama aliona kwamba angalirithi mwishoni, asifikiri kwamba kitubio chamtosha bila kurudisha. Urithi haupo maadamu mzee angali hai.

NAMNA YA KUIANDIKA

Barua nzuri haihitaji maneno makubwa. Yahitaji maneno wazi. Na iseme jina kamili la mwenye mali na la wakili, mahali na siku ya kuzaliwa kwao, na makao yao mpaka komini na avenyu. Na iseme kila uwezo kwa jina lake: kupokea malipo ya uzee kwenye CNSS, ile iliyochukua mahali pa INSS ya zamani, kutoa fedha katika hesabu fulani ya benki, kupokea kodi ya nyumba fulani, kulipa hospitali. Yasiyotajwa yabaki nje. Na iseme kiasi ambacho wakili hawezi kupita kwa mwezi bila kumwuliza mwenye mali, na muda wa barua yenyewe, kwa mfano mwaka mmoja, ili iandikwe upya ikiwa bado yahitajiwa. Na itaje mtu wa tatu atakayeonyeshwa hesabu.

Kisha itiwe sahihi mbele ya notari. Benki na ofisi hupenda barua iliyo na muhuri wake, na tena notari humwona mzee kwa macho yake na kusikia kwamba hakulazimishwa. Kama mzee hawezi kufika mjini, mumwulize notari mapema ifanyweje. Msiandike barua chumbani na kuikamata mikono ya mgonjwa aliyelala usingizi ili mgandamize kidole chake juu ya wino. Hilo si uwakili, ni unyang'anyi.

Jambo moja twalisisitiza kwa nguvu. Barua hizi huandikwa kwa Kifaransa, na wazee wetu wengi hawakijui. Basi kabla ya sahihi au kidole, mzee asomewe barua yote polepole kwa lugha ya moyo wake, Kimashi, Kihavu, Kirega au Kifuliiru, mbele ya mashahidi wawili ambao hawatafaidiwa na barua hiyo. Kisha aulizwe, «Mama, umesikia nini?» Akiweza kuieleza kwa maneno yake mwenyewe, barua ni yake. Akishindwa, bado ni ya yule aliyeiandika.

Ziwe nakala tatu: moja ya mzee, moja ya wakili, moja ya yule mtu wa tatu. Na siku mzee akibadili nia, haitoshi kumwambia wakili tu kwamba kazi imekwisha. Na aiandikie benki pia, na wapangaji waambiwe, maana yeye asiyejua kwamba uwakili umevunjwa ataendelea kumlipa wakili wa zamani kwa nia njema.

KAYE YA HESABU

Wazee wa pwani wana methali: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kaye ya karatasi mia yatosha. Upande wa kushoto yaandikwe yaliyoingia, upande wa kulia yaliyotoka, pamoja na tarehe. Tutoe mfano. Mama amepokea kodi dola 60. Dawa za msukumo wa damu zimekula 18, makala 14, unga wa muhogo na samaki 20, sadaka ya kanisani 1. Jumla iliyotoka ni 53, zimebaki 7. Mistari sita tu, na ugomvi wa miaka sita umezuiliwa.

Kwa kuwa katika mji wetu twanunua kwa franka na kwa dola, mwandikaji asichanganye. Akivunja dola, aandike siku hiyo amepata franka ngapi kwa kila moja, kwani bei hubadilika na ndugu wa mbali hawaijui. Risiti azitie katika bahasha moja kwa kila mwezi. Pasipo risiti, kama sokoni kwa muuza mboga, yatosha kuandika siku ile ile. Hesabu inayoandikwa baada ya miezi mitatu ni hadithi.

Fedha za mzee zisikae mfuko mmoja na za wakili. Hapo ndipo hata mtu mwema hupotea. Jioni moja akosa nauli, akopa dola mbili katika fedha za mama akisema atazirudisha. Wiki ya pili akopa tano. Mwisho wa mwaka hajui tena yaliyo yake na yaliyo ya mama. Mtume Yuda naye alikuwa mtunza mfuko, na Injili ya Mtakatifu Yohane yatuambia kwamba alikuwa akichukua yaliyotiwa ndani. Hakuanza na vipande thelathini.

Na ikiwa kazi ni kubwa, wakili naye ana watoto wa kulisha, basi apewe kitu, lakini kwa mapatano yaliyo wazi na yaliyoandikwa, kama Tobiti na drakma yake. Mshahara uliosemwa mbele ya watu wote ni haki. Mshahara ambao mtu hujikatia mwenyewe gizani ni wizi, hata ukiwa mdogo.

NENO KWA WANAFUNZI, JUU YA SIMU

Ninyi vijana wa shule mnaosoma ukurasa huu mna uwakili wenu mdogo. Tangu M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zilipoenea, nyanya asiyejua kusoma amwita mjukuu: «Njoo uniangalilie kama zimefika.» Naye mjukuu asema, «Tate, nipe simu na namba ya siri.» Siku ya kwanza asoma ujumbe tu. Je, siku ya kumi?

Kujua namba ya siri ya mtu si kuwa wakili wake. Yule anayeijua aweza kutoa kila kitu, wala hakuna barua inayomwekea mpaka. Ni heri mzee abonyeze namba yake mwenyewe kwa kidole chake, hata ikimchukua dakika tano, wewe ukimwonyesha tu mahali pa kubonyeza, kisha umgeuzie uso pembeni. Kisha msomee ujumbe wote kwa sauti, pamoja na gharama iliyokatwa na kiasi kilichobaki. Ukifanya hivyo ukiwa na miaka kumi na minne, utafaa kushika mfuko wa kigango ukiwa na arobaini.

TUSINGOJE SIKU YA SHIDA

Watu wa Bukavu hawana haja ya kufundishwa kwamba siku ya shida huja bila kubisha hodi. Katikati ya Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia mjini, benki zilifunga milango. Walimu, wauguzi na wazee wenye fedha katika hesabu zao walikosa hata za chumvi, ingawa fedha zenyewe hazikupotea. Jamaa nyingi zilitawanyika, mmoja kuvuka mpaka, mwingine kwenda kusini, mwingine kubaki kuwalinda wagonjwa. Katika saa kama hiyo yafaa nini kuanza kumtafuta notari? Barua ya uwakili huandikwa siku ya amani, kama vile paa hutengenezwa wakati wa kiangazi.

Tena kuna shida nyingine, ambayo haileti kelele za bunduki. Akili za mzee zaweza kuzimika kidogo kidogo kama taa iliyokosa mafuta. Barua ya uwakili yataka mtu ajuaye anachokitia sahihi. Akisha kusahau majina ya watoto wake, muda umepita. Katika nchi nyingine watu wameweka sheria ili mtu aweze kuandika mapema barua itakayodumu hata akili zikimwacha: Uingereza yanayo, Ufaransa tangu 2009, Ubelgiji tangu 2014. Hapa kwetu tusitegemee hivyo, maana kwa sheria yetu uwakili hukoma mahakama ikimwondolea mwenye mali uwezo wake. Njia yetu imo katika Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Mtu mzima aliyepotewa na akili kabisa, mahakama yaweza kumwekea mlezi wa kusimamia mali yake. Aliyedhoofika tu kwa ugonjwa au uzee yaweza kumpa msaidizi. Njia hiyo ni ndefu kuliko barua, lakini ni halali. Na ni bora kuliko kuiga sahihi ya mama.

Sheria ile ya 2016 yafaa ijulikane kwa sababu nyingine pia. Zamani mke alihitaji ruhusa ya mumewe katika mambo mengi ya kisheria. Sharti hilo limeondolewa; sasa mume na mke hutakiwa kupatana katika mambo yanayowafunga. Basi mume mgonjwa asiogope kumpa mkewe barua ya uwakili kwa sababu ya maneno ya shemeji.

MZEE AKISHA KUFA

Uwakili wafa pamoja na mwenye mali. Saa ile moyo wake unaposimama, barua imekuwa karatasi tu. Wakili aweza kumaliza lile alilolianza ambalo likiachwa litaleta hasara, lakini hawezi kwenda benki kesho yake na kutoa yaliyobaki, hata kwa ajili ya jeneza. Na wale wanaoficha kifo ili waendelee kupokea malipo ya uzee ya marehemu wanaiba, nao wanamfanya maiti kuwa shahidi wa uongo.

Tangu hapo mali ni ya warithi, na sheria ya jamaa imekwisha kuwataja. Watoto wote wa marehemu wana robo tatu ya mali. Robo moja ni ya mjane au mgane, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Kwa hiyo shangazi na baba wadogo wanaofika wakati wa matanga kuwatoa mjane na watoto nyumbani hawana sheria upande wao. Wakili mwema siku hiyo huleta kaye yake, huiweka mezani mbele ya wote, husoma ukurasa wa mwisho, hukabidhi kilichobaki, na kuondoka na mikono safi.

NENO KWA NDUGU WENGINE

Tumewaonya mawakili sana. Haki yatutaka tuwaonye na wale wasio mawakili. Ndugu anayekaa mbali na kutuma fedha mara mbili kwa mwaka asijifanye hakimu wa yule aliye karibu kila siku. Akitaka kuuliza, aulize kwa heshima: «Yaya, nisomee kaye ya mwezi huu.» Halafu asiishie hapo. Aulize tena: «Nawe, je, umepumzika lini?» Kumtunza mzazi ni msalaba mtamu, lakini ni msalaba. Yafaa ndugu wapeane zamu, na hata wakili abadilishwe bila ugomvi anapochoka.

Maana Bwana atakapotuita tutoe hesabu ya uwakili wetu, kama yule msimamizi wa Injili ya Mtakatifu Luka, hatatuuliza tu juu ya dola na franka. Atatuuliza kama mzee yule aliyewekwa mikononi mwetu alikufa akiwa bwana wa nyumba yake au akiwa mwombaji ndani yake.

Basi, Dominika hii baada ya Misa, keti na baba yako au mama yako ungali na nafasi. Usianze na fedha. Anza na habari, mnywe chai. Kisha umwulize maswali matatu: «Mama, ukiugua kesho, wataka nani akushikie mambo yako? Angependa kuruhusiwa nini, na kukatazwa nini? Na nani amwangalie yeye?» Yeye ajibu, wewe uandike. Akikutaja wewe, usifurahi mno; akimtaja ndugu yako, usinune. Wote wawili mtakuwa mmemtii.